Nakiwele ya Huku na Nakiwele ya Kule

Tulieni, basi, nianze. Na mwenye kukohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa.

Mnajua wote kwamba kuna Nakiwele hapa kwetu, kando ya mto, na kuna Nakiwele nyingine ng'ambo, katika nchi ya jirani, yenye bendera yake na fedha yake na askari wake wa mpakani. Waliotembea wanasema ipo hata ya tatu, mbali huko nyuma ya milima, katika nchi ambayo hata lugha yao hatuielewi. Watu wa mijini wakisikia hayo hucheka. Husema wazee wetu walikuwa wavivu wa kubuni majina. Wacheke tu, meno ni yao. Hawajui kilichotokea, na leo ninyi mtakijua.

Zamani hizo, kabla ya bendera na mipaka, kila mji ulikuwa na jina lake na kila jina lilikuwa na mji wake. Hapakuwa na miji miwili ya jina moja popote chini ya jua. Watu walilionea jina la mji wao wivu, kama bwana harusi anavyomwonea wivu mke mpya. Iliaminika kwamba jina la mji ni kitu chenye uhai, na kwamba halielei ovyo hewani bali linakaa ndani ya chungu. Kila mji ulikuwa na chungu chake cha jina, kidogo, chenye mfuniko, nacho kilitunzwa nyumbani kwa mkuu wa mji. Ukikifunua huoni kitu ndani. Lakini mtoto alipozaliwa, siku ya kutolewa nje, chungu hicho kilitiwa maji, na bibi mzaa mama alichovya kidole, akamlowesha mtoto midomo na kumwambia, "Wewe ni wa Nakiwele. Ukipotea, useme Nakiwele, nao watakurudisha kwetu."

Hapo ndipo mtoto alipopewa jina lake mwenyewe. Yule ambaye hajaonja maji ya chungu hakuwa na jina. Aliitwa Mgeni, basi, na akifa kabla ya siku hiyo, Mungu apishe mbali, alizikwa kando ya njia na si pamoja na ndugu zake. Msinikunjie uso. Sikuiweka mimi desturi hiyo.

Katika Nakiwele ya zamani hizo aliishi mfinyanzi mmoja mjane, Bi Ajida. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, na mdomo wake ulikuwa haumkopeshi mtu. Ukienda kununua chungu kwake ulirudi na chungu na maneno yako juu yake. Lakini vyungu vyake! Vilipikia mama, vikapikia binti, na mjukuu akavikuta jikoni. Yeye hakutupa kigae. Chungu cha mtu kikivunjika, aliokota vigae vyake hadi kile kidogo kabisa, akavisaga juu ya jiwe vikawa unga, akauchanganya unga huo na udongo mbichi ndipo akafinyanga. Alisema udongo mbichi peke yake hupata hofu ukiona moto, na hiyo hofu ndiyo inayoupasua. Lazima uutilie kidogo ule uliokwisha kuungua, uwe unautuliza. Na alikuwa na tabia nyingine: akitakiwa vyungu kadhaa, alifinyanga na kimoja zaidi. Hicho alikiita fungu la moto, kwa kuwa moto hauachi kuchukua chake.

Bi Ajida alikuwa na mtoto mmoja tu, Tupochele. Wengine alikuwa amewazika. Kwa hiyo mkielewa kwamba alimpenda Tupochele, hamjaelewa bado, zidisheni. Binti huyo alipoolewa na kijana aitwaye Kandulu, Bi Ajida hakuwa na wasiwasi, kwa sababu kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke. Alipata mkwe mrefu, mcheshi, mwenye bidii ya jembe, na binti yake akabaki hatua chache kutoka jikoni kwake. Akaona dunia imekaa sawa.

Basi mashamba ya Nakiwele yakachoka. Mtama ulianza kutoka mwembamba, kisha mfupi, kisha ukawa hautoki. Kandulu alivuka mto kuwinda akaiona ng'ambo nzima imelala bila mtu, udongo mweusi, maji karibu. Alirudi akasimulia, na vijana wakasimama upande wake. Nusu ya mji ilitaka kuhama. Hakuna aliyewakataza, maana njaa ilikuwa inaonekana kwa macho. Ugomvi ulikuja juu ya jina.

Wahamaji walisema wao ndio wengi wenye nguvu, ndio wenye watoto wa kuzaliwa, basi chungu cha jina kiende nao. Mkuu wa mji, Mzee Mkwepu, akasema chungu kitavuka mto siku ambayo mto utapanda mlima. Alikuwa mtu wa taratibu, mwenye kupenda kila kitu kikae mahali kilipokuwa jana. Vijana wakapandisha sauti, wazee nao wakapandisha za kwao. Mwishowe watu walimgeukia Bi Ajida, kwa kuwa chungu chenyewe kilifinyangwa na bibi wa bibi yake, na neno lake katika mambo ya chungu lilikuwa zito.

Bi Ajida akasimama, akajifunga nguo yake vizuri. "Chukueni mbuzi," akasema. "Chukueni majembe na mbegu, na mawe ya kusagia mkiweza kuyabeba. Jina linabaki na makaburi. Nani atamwonyesha marehemu njia ya kuwafuata ninyi?"

Wazee wakaitikia kwa kichwa. Ilionekana ni hekima tupu. Lakini mimi nitawaambia kilichokuwa moyoni mwake, maana hakuwaambia wao. Tupochele alikuwa na mimba. Bi Ajida alihesabu hivi: huko wanakokwenda hakuna jina, na pasipo jina mtoto hatolewi nje. Binti yangu atajifungua, na atarudi. Hatakuwa na la kufanya, atarudi. Ndiyo maana alilishika jina kwa mikono miwili. Hakuwa anawaza marehemu hata kidogo.

Wakaondoka. Kandulu alikuja kumuaga mama mkwe kwa adabu zote, akapiga goti nje ya uzio na kuutazama upande wa pili kama inavyompasa mkwe. "Mama, tunakwenda," akasema. Bi Ajida alikuwa anakanyaga udongo, akaendelea kuukanyaga. Tupochele aliingia mpaka ndani, akamkumbatia mama yake na udongo wake, akatoka akiwa amechafuka mgongo mzima. Bi Ajida hakwenda mtoni kuwasindikiza. Siku hiyo udongo ulikanyagwa mpaka ukawa laini kupita kiasi na haukufaa kitu.

Ng'ambo mambo yalikuwa mazuri na mabaya. Mtama ulijaa ghala. Lakini pale mahali palikuwa hapana jina, na ninyi hamjui taabu ya kuishi mahali pasipo na jina. Mtu akiwa shambani anasema nakwenda wapi? Walijaribu kupaita Kwa Kandulu, Kandulu mwenyewe akaona haya akakataa kuitika. Wakajaribu Mtama Mwingi. Jina zuri, lakini halikumkaa mtu mdomoni. Kila aliyelitamka alicheka, na mji hauwezi kuishi kwa kuchekwa na wenyewe. Wakafinyanga chungu kipya ili pengine kipate jina lake chenyewe. Kikapasuka motoni. Walikuwa wamechukua mbuzi na majembe, mfinyanzi wakamwacha nyuma.

Watoto nao walizaliwa, kwa sababu watoto hawangoji mambo yapangwe. Kila mmoja akawa Mgeni. Mtu akiita, "Mgeni analia huku!" akina mama wote waliacha vinu na kukimbia. Walicheka mara ya kwanza na mara ya pili. Baadaye hawakucheka, hasa mmoja wa watoto hao alipougua homa na mama yake akaanza kuitazama njia, akiwaza mahali pa kuzikia. Mtoto huyo alipona. Lakini baada ya hapo akina mama wale hawakulala usingizi mzuri.

Huku Nakiwele, Bi Ajida alikuwa anajifanya hasikii habari za ng'ambo. Akija mvuvi kutoka huko, alimuuliza habari za maji, habari za samaki, habari za mamba, halafu, akiwa amempa kisogo, akamuuliza kama yule binti anakula vizuri. Mvuvi alijua ameulizwa nini tangu mwanzo.

Mvua zilipokatika na mto ukapungua, Tupochele alikuja. Bi Ajida alikuwa anapiga kingo za mtungi, akainua macho akamwona anashuka njiani na mtoto mgongoni, na akauangusha mtungi. Alifurahi furaha ya kutia aibu. Alicheka, akalia, akamgombeza binti yake kwa kukonda, akamvua mtoto nguo zote ili amkague vidole. Alikuwa msichana, mnene, mwenye kelele, na paji la uso la marehemu babu yake. "Nilijua utarudi," akasema Bi Ajida.

"Sijarudi, mama," Tupochele akasema. "Nimemleta mtoto apewe jina."

Kesho yake asubuhi walikwenda kwa Mzee Mkwepu. Mzee akakitoa chungu cha jina, akakiweka juu ya mkeka, akakohoa. Yeye hakuwa mtu mbaya, naomba mnielewe. Alikuwa anaogopa tu kwamba akilegeza hapa patamomonyoka pale. Akasema kwamba mtoto anywe, ni haki yake, bibi yake ni wa hapa. Lakini atakayekunywa maji ya Nakiwele ni wa Nakiwele, na wa Nakiwele anakaa Nakiwele. Mama yake akipenda abaki naye. Akipenda kurudi kwa mumewe, arudi, ila mtoto habebwi kuvushwa mto. Jina halivuki.

Hivi ndivyo hasa Bi Ajida alivyotaka. Hakuna hata neno moja lililopungua. Akamtazama binti yake, akingoja aseme atabaki.

Tupochele akamnyonyesha mtoto pale pale kwenye mkeka wa Mzee Mkwepu, taratibu, titi la kwanza, titi la pili, mpaka mtoto akalala. Akamfuta mdomo. Kisha akamnyanyua akamweka mapajani mwa mama yake.

"Chukua, mama," akasema. "Kandulu yuko peke yake kule, na shamba liko wazi, siwezi kuwakimbia wenzangu. Lakini sitaki mwanangu azikwe kando ya njia. Afadhali anikose mimi kuliko kukosa jina." Na alipoyasema hayo nguo yake kifuani ilikuwa imeanza kulowa maziwa.

Bi Ajida akamwangalia mjukuu mapajani. Akaiangalia ile nguo inayolowa. Alikuwa amezika watoto, alijua maziwa yanavyouma yasipokuwa na wa kuyanyonya, na huyu anayeumizwa sasa alikuwa mtoto wake wa pekee, na anayemuumiza alikuwa ni yeye. Alikuwa amelishika jina ili amvute binti yake nyumbani, na tazama alichovuta. Moyo wake ukamsuta vibaya sana.

Akamrudishia Tupochele mtoto. Akajivuta mpaka katikati ya mkeka, akakinyanyua chungu cha jina kwa mikono yake mikubwa, akakipiga chini.

Mzee Mkwepu alitoa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwa mkuu wa mji. Watu waliacha kazi zao wakaja mbio. Walipoona vigae, wengine walijishika vichwa, wengine walikaa chini hapo hapo walipo, na bibi mmoja akaanza kilio cha msiba. Vijana walitaka kumshika Bi Ajida, lakini hawakujua wamshike wapi, kwa kuwa alikuwa amepiga magoti anaokota vigae na kuvitia kwenye nguo yake, kimoja kimoja, hadi kile kidogo kabisa.

"Umetuua, Ajida," Mzee Mkwepu akasema. "Umeua mji."

"Nimevunja chungu," Bi Ajida akajibu bila kuinua kichwa. "Mimi ni mfinyanzi. Lini nimewahi kutupa kigae?"

Akaenda navyo nyumbani, mji mzima nyuma yake. Akavisaga vile vigae juu ya jiwe lake vikawa unga mwekundu. Na ninyi mkidhani alikuwa na uhakika mmekosea. Yeye alijua vyungu. Juu ya majina hakujua zaidi ya mtu mwingine. Alijua tu kwamba katika kila chungu chake kipya kilikuwamo cha zamani, kizima, na hakuna mama aliyewahi kumrudishia chungu akisema hiki ni nusu. Akaugawa ule unga, akauchanganya na udongo mbichi, akafinyanga chungu kimoja na kingine, vyote sawa, vidogo, vyenye vifuniko. Halafu, kwa mazoea ya kazi, akafinyanga cha tatu, fungu la moto. Akaviweka kivulini vikauke.

Sasa chungu hakikauki kwa kuharakishwa. Siku zile za kungoja, Nakiwele haikuwa na jina, na hapo ndipo wazee walipoonja walichowapikia wenzao. Alipita mchuuzi wa chumvi akauliza huu ni mji gani. Watu wakatazamana. Mzee Mkwepu akafungua kinywa, akakifunga, akasema, "Ni hapa." Mchuuzi akamwonea huruma, akamwachia chumvi kidogo bure. Mzee huyo huyo, siku hizo hizo, alipata mjukuu. Alimpokea mikononi mwake mbele ya watu na akalazimika kumwita Mgeni. Aliingia ndani na hakutoka mpaka jua lilipopoa. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa Bi Ajida, akakaa karibu na kile kivuli, akawa anawafukuza kuku wasivikaribie vyungu.

Habari zilivuka mto. Siku ya kuchoma, Kandulu alikuja na nusu ya watu wake, wakiwa wamebeba magome makavu na nyasi. Alipiga goti nje ya uzio, akatazama upande. "Mama, tumeleta kuni," akasema. Safari hii Bi Ajida alimjibu. Alimwambia aingie, aache kuongea na uzio, kazi ni nyingi.

Wakavifunika vile vyungu kwa magome na nyasi, wakatia moto. Watu wa huku walisimama upande mmoja na wa kule upande mwingine. Kila moto ulipolia tsa, mtu alishtuka. Tupochele alikuwa amembana mtoto kifuani mpaka mtoto akalalamika. Mzee Mkwepu alikuwa ametangaza kwamba kikipasuka kimoja, kilichobaki ni cha huku. Bi Ajida akamwambia moto ule ukila kimoja umeshalipwa, kuna cha tatu. Lakini ndani ya roho yake alijua kwamba moto haukuahidi kula kimoja tu, na alizunguka na kuzunguka, uso umejaa jasho na masizi, akiviambia vyungu maneno ambayo mama humwambia binti yake anayejifungua.

Moto ulipokufa wakaondoa majivu kwa vijiti. Cha kwanza kikatoka kizima. Cha pili kikatoka kizima. Cha tatu nacho, ambacho kilifinyangwa ili kiliwe, kilitoka chekundu bila hata ufa. Bi Ajida akavigonga kwa kidole kimoja baada ya kingine, navyo vikalia sauti moja. Akakaa chini kwenye majivu akaficha uso kwa mikono yake.

Vilipopoa vikatiwa maji, na Mzee Mkwepu akaombwa achague kilicho cha kweli. Akachovya kidole katika cha kwanza, akaramba, akafikiri. Akachovya cha pili. Akarudi cha kwanza. Akachovya cha tatu, akarudi cha pili. Mzee huyu alijulikana kwa ubishi, angeiona tofauti kama ingekuwapo, na kama isingekuwapo angeweza kuibuni. Lakini alimkumbuka Mgeni wake nyumbani. Akafuta kidole kwenye nguo.

"Nakiwele," akasema. "Yote ni Nakiwele. Mleteni mtoto."

Mjukuu wa Bi Ajida ndiye aliyetangulia. Bibi yake alichovya kidole kikubwa chenye masizi, akamlowesha midomo, akamwambia, "Wewe ni wa Nakiwele. Ukipotea, useme Nakiwele." Ya kurudishwa aliyaacha. Kisha akamuuliza Tupochele mtoto ataitwa nani.

"Ajida," Tupochele akasema.

"Ajida ni mimi."

"Najua, mama."

"Na mimi nitabaki na nini?"

"Utabaki na Ajida," binti akasema, na mwanamke yule mwenye mdomo akamchukua mtoto, akaanza kumfuta masizi midomoni. Watu wengi walikuwapo na wote waliliona hilo.

Siku ya kurudi ng'ambo, Bi Ajida alikwenda mtoni. Tupochele alikuwa na mtoto mgongoni na chungu cha jina kichwani, na Kandulu alikuwa ameshika kila kitu kilichobaki. Mama yake alimwambia asijikwae, atazame mbele, asigeuke geuke na chungu kichwani. Kwa hiyo Tupochele hakugeuka, na ilikuwa nafuu, kwani Bi Ajida alikuwa analia wazi wazi, mbele ya wavuvi. Alilia kwa kuwa alitaka abaki. Aliendelea kutaka abaki mpaka kufa kwake. Ila hakuwa tena na kitu cha kumfungia, na alikuwa amekitoa kwa mkono wake mwenyewe.

Kile chungu cha tatu kilikaa nyumbani kwake juu ya kichanja miaka na miaka, na watu walimtania kwamba anauweka mji akiba. Kisha mjukuu wa Mzee Mkwepu, yule aliyezaliwa siku za kungoja, akakua, na akataka kwenda kuishi nyuma ya milima, kwa watu wa mke wake. Nyumbani kwao ilikuwa kilio. Bi Ajida, mzee sasa, alikwenda akiwa amekumbatia chungu, akakiweka mikononi mwa kijana na kumwambia mama yake anyamaze, mtoto haendi mbali, anakwenda Nakiwele.

Na tangu siku hiyo, mtu wa mji fulani akihama na kwenda kuanzisha mji mwingine, huenda na jina na kuliacha pia, na hakuna upande unaodai. Mipaka ilipokuja na kukata nchi, ilikuta majina yameshavuka. Ndiyo maana hata leo askari wa mpakani humuuliza mtu wetu anatoka wapi, naye hujibu Nakiwele. Humuuliza anakwenda wapi, naye hujibu Nakiwele. Na askari, kama ni mgeni kazini, hukasirika akidhani anachezewa. Huwa tunamwacha akasirike, mwisho huzoea.

Na tangu siku hiyo pia tuna salamu yetu. Bi Ajida alipomwona mtu yeyote wa ng'ambo hakuulizia tena mamba wala samaki. Alimwahi kabla hajatua mzigo, akamuuliza, "Mama Ajida hajambo?" Watu wakaizoea, wakaifupisha. Wewe leo ukifika Nakiwele ya kule, au hiyo ya nyuma ya milima, hutaulizwa u mtoto wa nani wala una shida gani. Ukishasema tu unatoka Nakiwele, mtu wa kwanza utakayekutana naye atakuuliza, "Mama hajambo?" Na wewe, hata kama mama yako ulimzika zamani, utajibu kwamba mama hajambo, anawasalimu sana.